ANTIGONE: MBIU YA MTAWALA INAPOJIITA SHERIA

Nimekuwa kimya kidogo, mniwie radhi. Leo nimerudi na mada ya zamani kweli kweli, ya zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, lakini kilichonikumbusha ni cha juzi tu.

Tulikuwa watu watatu kijiweni, tunakunywa kahawa. Mmoja wetu ni mwanasheria. Mazungumzo yakaenda, yakarudi, mwishowe yakafika hapa: je, mtu akiamriwa na serikali kutenda jambo ambalo dhamiri yake inalikataa, afanyeje? Mwanasheria akasema sheria ni sheria, hata ikiwa mbaya ifuatwe mpaka itakapobadilishwa, vinginevyo kila mtu atajitungia ya kwake. Mwenzetu akaruka juu: sheria inayomdhalilisha binadamu si sheria! Kisha wote wawili wakanigeukia. "Haya, wewe mwandishi unasemaje?"

Nikababaika. Nikasema tu, "Someni Antigone." Wakacheka, wakadhani nakwepa swali. Labda kweli nilikuwa nakwepa. Ndiyo maana leo nimekaa kuandika.

HADITHI YENYEWE

Kwa wasioifahamu, Antigone ni tamthilia ya Mgiriki Sophocles, na inakadiriwa kuwa ilioneshwa kwa mara ya kwanza Athens karibu na mwaka 441 KK. Hadithi yake inatokea katika mji wa Thebes. Ndugu wawili, Eteocles na Polynices, watoto wa Mfalme Oedipus, wamegombea kiti cha baba yao. Polynices akaenda ugenini, akaleta jeshi kuushambulia mji wake mwenyewe. Vita vikapiganwa kwenye malango saba ya Thebes na ndugu hao wakauana. Jeshi la kigeni likakimbia usiku. Asubuhi utawala ukaangukia kwa Creon, kaka wa mama yao.

Jambo la kwanza analofanya Creon ni kupiga mbiu. Eteocles, aliyeutetea mji, azikwe kwa heshima zote. Polynices, aliyeushambulia, asizikwe, asililiwe, aachwe aliwe na mbwa na ndege. Atakayevunja amri hiyo atapigwa mawe hadharani mpaka afe.

Antigone ni dada wa marehemu wote wawili. Creon ni mjomba wake, na tena ni mkwe wake mtarajiwa, maana ameposwa na Haemon, mtoto wa Creon. Anamwomba dada yake Ismene wakamzike kaka yao. Ismene anaogopa, anasema wao ni wanawake na walio juu yao wana nguvu. Basi Antigone anakwenda peke yake. Hana jembe wala jeneza. Anachota mchanga kwa mikono, anaumwaga juu ya maiti.

Ni hivyo tu. Kila aliyewahi kusimama kando ya kaburi, akachukua udongo kiganjani na kuutupia chini, anajua kwamba kitendo hicho ni kidogo sana na ni kikubwa sana. Kwa Wagiriki wa kale mchanga ule ulitosha kuwa mazishi. Katika utenzi wa Homer, Iliad, mzimu wa Patroclus unamjia rafiki yake Achilles usingizini kumwomba amzike haraka, kwa sababu asipozikwa hawezi kuingia kuzimu na kupumzika. Na kuosha maiti, kuipaka mafuta na kuililia zilikuwa kazi za wanawake wa ukoo. Kwa hiyo Creon alikuwa amemkataza Antigone kazi iliyokuwa yake kwa desturi, tena kwa kaka yake.

Walinzi wanaufagia ule mchanga. Antigone anarudi mara ya pili, mchana kweupe, anamkuta kaka yake yuko wazi, analia kama ndege aliyekuta kiota chake kitupu. Wanamkamata. Mbele ya Creon hakani wala haombi msamaha. Anajibu kwamba aliijua amri, lakini haikutoka kwa miungu, na tangazo la binadamu haliwezi kuzishinda sheria zisizoandikwa ambazo hakuna ajuaye zilianza lini.

TUSIMHARAKISHIE CREON

Hapo ndipo wengi wetu tunafunga kitabu na kupiga makofi. Antigone ni dhamiri, Creon ni sheria, dhamiri imeshinda, kwaheri. Lakini ndugu zangu, kwa Wagiriki wenyewe mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Creon anapoanza kuzungumza anasema maneno ya maana kabisa. Mji ni kama chombo baharini: chombo kikizama, urafiki na udugu vyote vinazama nacho. Kiongozi anayemweka rafiki yake juu ya nchi yake hafai. Nani atapinga? Mwaka 343 KK, karibu karne nzima baadaye, Demosthenes alimshitaki mwanasiasa mwenzake Aeschines kwa kuuza maslahi ya Athens katika ujumbe kwa Mfalme Philip wa Makedonia. Aeschines alikuwa amewahi kuwa mwigizaji na nafasi ya Creon aliicheza. Demosthenes akaagiza maneno hayo ya Creon yasomwe mahakamani, akamwambia mwenzake kwamba aliyasema jukwaani mara nyingi lakini hakuyafuata. Yaani hotuba ya Creon ilitumika kama kipimo cha uongozi mwema!

Zaidi ya hapo, Athens yenyewe ilikuwa na sheria iliyokataza msaliti kuzikwa katika ardhi yake ya Attica. Themistocles, shujaa wa vita vya Salamis vya mwaka 480 KK, alikuja kushitakiwa kwa usaliti, akakimbilia kwa mfalme wa Uajemi na kufia huko Magnesia. Mwanahistoria Thucydides anaeleza kwamba ndugu zake walidai kuirudisha mifupa yake na kuizika Attica kwa siri, kwa kuwa sheria haikuruhusu. Akina Antigone basi walikuwepo hata nje ya jukwaa.

Kwa hiyo watu waliokaa kwenye mteremko wa kilima cha Acropolis kuitazama tamthilia hii hawakushangaa kusikia msaliti amenyimwa kaburi. Cha kuwashitua kilikuwa kingine. Sheria yao ilisema msaliti asizikwe hapa. Haikuwazuia ndugu kumzika ng'ambo ya mpaka. Creon alisema asizikwe popote, akaweka na walinzi maiti ioze huku mji unatazama.

Na Antigone naye si malaika. Ismene anapobadili moyo na kutaka kufa pamoja naye, anamfukuza kwa maneno makali. Wazee wa mji, wanaounda kundi la waimbaji wa tamthilia hii, wanamwambia kwamba anakwenda kaburini kwa kufuata sheria yake mwenyewe. Neno wanalotumia ni autonomos, ambalo kwa kawaida lilitumika kwa mji unaojitawala, sio kwa msichana mmoja. Hofu ya yule rafiki yangu mwanasheria, kwamba kila mtu atajitungia sheria, Sophocles alishaiweka mle ndani.

MBIU NA SHERIA

Sasa tatizo la Creon liko wapi? Nimeisoma tena tamthilia hii wiki hii, na kuna neno moja lililonisimamisha. Antigone anapoitaja amri ya mjomba wake anatumia zaidi neno kerygma. Kwa Kiswahili chetu ni mbiu, lile tangazo linalopigwa na mpiga mbiu. Creon naye anaitaja amri yake kuwa ni nomos, yaani sheria. Jambo ni lile lile, majina mawili. Na ugomvi wote umo humo.

Hebu tuiangalie mbiu hiyo ilivyozaliwa. Imetolewa na mtu mmoja aliyeshika madaraka asubuhi hiyo hiyo. Wazee anawaita baada ya kuitangaza, si kabla. Wao wanajibu kwa tahadhari tu kwamba ana uwezo wa kutumia sheria yoyote atakayo, kwa waliokufa na kwa walio hai. Mmesikia hilo jibu? Halisemi umefanya vema. Linasema unaweza.

Kisha kila anayejaribu kuiuliza mbiu hiyo ananyamazishwa. Mlinzi anayeleta habari kwamba maiti imemwagiwa mchanga anakuja akitetemeka. Walinzi walipiga kura nani aende, na kura ikamwangukia yeye. Sisi tunasema mjumbe hauawi. Creon anamtishia kifo na kumwambia amehongwa. Wazee wanasema huenda ni mkono wa miungu; anawafokea. Haemon anamweleza baba yake kwa adabu kwamba mitaani watu wananong'ona gizani, wanamlilia yule msichana na kusema anastahili heshima, ila mbele ya mtawala hakuna anayethubutu. Creon anauliza kama mji ndio utamwambia yeye namna ya kutawala. Mwanawe anamjibu kwamba mji ulio mali ya mtu mmoja si mji tena. Mwishowe anakuja Tiresias, mzee kipofu na mwaguzi, anasema madhabahu za mji zimechafuliwa na nyama ya maiti inayobebwa na ndege na mbwa. Naye anaambiwa amenunuliwa!

Mlinzi kahongwa, nabii kahongwa. Kwa Creon hakuna habari mbaya ambayo haijalipiwa.

Anapokubali hatimaye kwamba amekosea, wazee wanamshauri akamtoe kwanza Antigone, ambaye amefungiwa akiwa hai katika pango la mawe, kisha ndipo amzike Polynices. Yeye anaanza na maiti. Anaiosha mabaki, anayachoma, anajenga kaburi. Akifika pangoni Antigone ameshajinyonga. Haemon anajiua mbele yake kwa upanga. Mama yake Haemon, Eurydice, anaposikia, naye anajiua. Jioni Creon anabaki na nguvu zote za dola na nyumba haina watu.

HISTORIA ILIPOIGA JUKWAA

Mtu anaweza kusema hiyo ni hadithi, tena ya Thebes, mji uliokuwa hasimu wa Athens. Ni rahisi kumchora dhalimu anayeishi kwa jirani. Athens ilikuwa na demokrasia. Pericles, kiongozi wake mashuhuri, katika hotuba ya mazishi ya askari ambayo Thucydides ameiandika, aliwasifu wananchi kwa kuheshimu sheria zao, zikiwemo zile zisizoandikwa ambazo kuzivunja ni aibu. Sophocles alimjua vizuri. Alichaguliwa kuwa jenerali pamoja naye katika vita vya kisiwa cha Samos, na simulizi ya kale inadai alichaguliwa kwa sababu Antigone iliwafurahisha watu.

Sasa twende mwaka 406 KK. Athens inapigana na Sparta. Karibu na visiwa vya Arginusae jeshi la majini la Athens linapata ushindi mkubwa, lakini linapoteza merikebu 25. Dhoruba inachafuka, na majenerali wanashindwa kuwaokoa mabaharia waliokuwa wakielea kwenye mabaki wala kuziopoa maiti. Watu wakafa majini, miili ikapotea. Nyumbani uchungu ukageuka hasira. Majenerali wanane walikuwa vitani. Wawili hawakurudi, sita wakarudi na kukamatwa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Pericles, naye akiitwa Pericles.

Likaletwa pendekezo katika mkutano wa wananchi: wote wahukumiwe pamoja, kwa kura moja, na wakipatikana na hatia wauawe. Mtu mmoja, Euryptolemus, akasema hilo ni kinyume cha sheria, kila mshitakiwa ana haki ya kusikilizwa peke yake. Akaitaja hata ile sheria ya wasaliti kutozikwa Attica, akasema hata hao hupelekwa kwanza mahakamani. Mwanahistoria Xenophon anaeleza kwamba umati ulipiga kelele kuwa ni jambo la ajabu wananchi kuzuiwa kufanya wanachotaka. Wajumbe waliokuwa zamu ya kusimamia mkutano wakakataa kulipigisha kura pendekezo hilo. Wakatishiwa kuunganishwa na washitakiwa. Wakaogopa, wakakubali wote isipokuwa mmoja. Jina lake Socrates.

Majenerali sita waliuawa. Haukupita muda mrefu watu wa Athens wakajuta, wakataka waliowapotosha washitakiwe. Sita hawakufufuka.

Ndugu msomaji, ona mambo yalivyopinduka. Katika tamthilia Creon ni mtu mmoja. Hapa Creon ni umati. Kule mtu anauawa kwa sababu amezika, huku watu wanauawa kwa sababu hawakuzika! Na yule aliyesimama na dhamiri yake hakuipinga sheria. Aliitetea sheria iliyoandikwa dhidi ya wenye nguvu, ambao siku ile walikuwa wananchi wenyewe.

Miaka miwili baadaye demokrasia ikaangushwa, wakatawala watu thelathini. Wakamwamuru Socrates na wenzake wanne wakamkamate Leon wa Salamis auawe bila hatia. Wanne wakaenda. Socrates akajiendea zake nyumbani. Na mwaka 399 KK, demokrasia iliporudi na kumhukumu yeye mwenyewe kifo, marafiki walimtaka atoroke gerezani. Akakataa, akasema hawezi kuzivunja sheria za mji uliomlea.

Je, anajipinga? Nilidhani hivyo zamani. Sasa sidhani. Socrates alikataa kutenda uovu kwa amri ya mtu yeyote, awe mmoja, thelathini au maelfu. Lakini kuteswa yeye kwa ajili ya kukataa, hilo alilibeba. Antigone naye hakukimbia wala hakukana, na mkono uliozika hakuuficha. Nadhani hapo ndipo penye tofauti kati ya dhamiri na ukaidi wa mtu anayetaka tu mambo yake. Mkaidi anataka sheria imwache yeye. Mwenye dhamiri anakubali gharama iwe juu yake.

Ndiyo maana tamthilia hii haizeeki. Wafungwa wa kisiasa katika kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, waliiigiza gerezani. Nelson Mandela ameandika katika kitabu cha maisha yake kwamba yeye alicheza nafasi ya Creon! Mtu aliyefungwa kwa kuvunja sheria za ubaguzi alivaa nafasi ya mtunga amri. Nami naona ilikuwa shule nzuri kwa mtu ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa rais.

JIBU LANGU LA KIJIWENI

Kwa hiyo rafiki yangu mwanasheria, nakubaliana nawe nusu. Bila sheria hatuna mji, tuna chombo kinachozama. Lakini kabla hujasema sheria ni sheria, niambie kwanza kama hiyo unayoishika ni sheria au ni mbiu. Sheria inaweza kuulizwa. Ukiiuliza inakujibu kwa sababu, haikuulizi umehongwa na nani. Na ikikosea ina mlango wa kurudi nyuma kabla hatujaanza kuhesabu maiti.

Nawe rafiki yangu wa pili, dhamiri si kelele. Ukisema dhamiri yako imekataa, onesha na uko tayari kulipa nini.

Mimi je? Niseme ukweli. Nikisoma tamthilia hii sijioni katika Antigone. Kuna siku nilikuwa mtaani na daftari langu, mgambo wakapita wanabeba meza na beseni za akina mama wanaouza vitumbua. Mama mmoja akauliza, kwa sauti ya chini tu, "Sheria gani hiyo, baba?" Akajibiwa, "Amri kutoka juu." Nikaomba kuoneshwa karatasi ya amri hiyo. Nikaulizwa nimetumwa na nani. Nikaangalia huku na kule, watu wote wamenyamaza, nikaliweka daftari mfukoni. Habari ile sikuiandika.

Wale wazee wa Thebes walikuwa kumi na tano. Antigone alimwambia Creon usoni kwamba wazee hawa wanaona kama yeye aonavyo, ila woga umewafunga midomo. Kila nikifika hapo najihesabu. Nikiwa nimesimama pale mtaani na daftari mfukoni, nilikuwa wa kumi na sita.

Tafakari. Naishia hapo kwa leo.